Moyo ukilemewa ukiwa kijana Kisumu: nani wa kumwambia na wapi pa kwenda

Alibaki darasani baada ya kengele ya mwisho akifuta ubao. Ubao wenyewe ulikuwa umeshafutwa na wa zamu, lakini yeye aliendelea kupitisha dasta palepale, juu chini, mpaka vumbi la chaki likamjaa kwenye mikono ya sweta. Nikamwuliza kama kuna neno. "Mwalimu, kuna rafiki yangu hana raha." Mimi nilikuwa nimekumbatia rundo la madaftari ya insha na kuna matatu ya Kondele nilitaka kuiwahi. Nikamjibu nilivyojibiwa mimi nikiwa wa umri wake: mwambie rafiki yako aombe Mungu na ashike vitabu. Akasema asante, akaweka dasta mezani, akaenda. Hakunijia tena. Ilinichukua muhula mzima kujua kwamba rafiki huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Baadaye nilikabidhiwa ushauri nasaha shuleni, nikafundishwa kusikiliza, na miaka imepita. Lakini haya ninayoandika yanatoka jioni ile. Nimewaona vijana wengi wakikwama kwa mtu wa kwanza. Kijana anajikaza wiki nzima, anamwambia mtu mmoja, mtu huyo anamjibu vibaya kama nilivyojibu mimi, naye anachukulia kwamba dunia yote imemjibu hivyo. Kwa hiyo, mwanangu wa miaka 13 hadi 19 unayesoma haya, usianze safari hii na jina la mtu mmoja. Anza na matatu. Nitakueleza jinsi ya kuyapata, maneno ya kutumia na kinachokungoja hospitalini. Nitasema zaidi kuhusu Kisumu kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila kijana wa Nakuru, Kakamega au Eldoret atapata njia yake humu pia.

Kama usiku wa leo ndio mgumu

Ruka mengine yote, utayasoma kesho. Ukiwa unawaza kujitoa uhai au kujiumiza, usikae peke yako. Nenda uketi alipo mtu mzima hata kama hujui utasema nini. Sentensi moja inatosha: "Naogopa nitajidhuru, usiniache peke yangu." Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, au 116, laini ya bure ya Childline Kenya, inayopokea simu za watoto na vijana usiku na mchana. Kama umeshajidhuru au umemeza kitu, ni kwenda hospitali moja kwa moja, upande wa dharura, hata ukijisikia afadhali. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112.

Wengi huogopa kwenda hospitali kwa sababu ya kesi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 9, 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ukimwona mwenzako yuko hatarini, mkimbize hospitali. Usikawie ukiwaza kituo cha polisi.

Hatua ya kwanza: iandike wiki yako

Siku mbaya hupita. Umegombana na rafiki, umeanguka mtihani wa mwisho wa mwezi, unalia, unalala, na kesho yake mambo yanakuwa mepesi kidogo. Kinachohitaji msaada ni kile kinachokaa. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kuna huzuni au hasira au utupu usioondoka, na umeanza kula usingizi wako, chakula chako, masomo yako na hamu yako ya kuwa na watu. Vitabu huita hali hiyo sonona, mtaani tunasema depresheni, na dani yako, yaani nyanya yako, atasema kwa Kijaluo ni parruok, mawazo yamekuzidi. Kuna pia wasiwasi uliopitiliza, ule wa moyo kwenda mbio na pumzi kukatika hata kama hakuna anayekukimbiza.

Kwa vijana mara nyingi haionekani kama huzuni. Inaonekana kama ukali. Mvulana aliyekuwa mpole anaanza kujibu kila mtu vibaya, anatoroka shule, anaonekana na bangi nyuma ya vibanda, na wote wanasema ameharibika. Wachache wanauliza analala saa ngapi.

Hapa kwetu kando ya ziwa kuna kizuizi kingine. Malaria ni nyingi, kwa hiyo kila maumivu ya kichwa ni malaria na kila uchovu ni malaria. Nimekuwa na mwanafunzi aliyepimwa mara tatu katika muhula mmoja. Mara tatu kipimo kilionyesha hana, na mara tatu alirudi shuleni na panado. Kichwa kilikuwa kinauma kweli. Ila hakuna aliyemwuliza mambo yalivyokuwa nyumbani tangu baba ahame. Ukipimwa ukaambiwa huna malaria na mwili bado unauma, mwambie anayekutibu: "Pia silali, na nina mawazo mengi." Maneno hayo yanabadilisha maswali atakayokuuliza.

Kabla ya kumwambia yeyote, chukua daftari la zamani ufungue ukurasa wa nyuma. Kwa siku saba andika mistari miwili kila jioni: nililala vipi, nilikula nini, kichwani kulikuwa na nini. Usitafute lugha nzuri. Mmoja alinionyesha wake, akaniruhusu nitumie mfano wake bila jina. Jumanne yake ilikuwa hivi: "Nililala saa nane, nikaamka saa kumi. Uji nilimpa deskimeti. Hesabu sikusikia kitu, nilikuwa naangalia tu midomo ya mwalimu." Huyo hakuhitaji kunieleza zaidi. Ukurasa huo alikwenda nao mpaka kwa tabibu, na siku ulimi ulipomkataa, aliutoa tu mfukoni.

Na usidhani uko peke yako darasani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa wastani huo, darasa la watu 56 lina wanane. Hesabu viti vya darasa lenu uone.

Hatua ya pili: majina matatu

Andika majina matatu ya watu, angalau wawili wawe watu wazima. Usianze kwa kujiuliza nani anakupenda zaidi, kwa sababu anayekupenda sana anaweza pia kushtuka sana. Jiuliza mambo mengine. Mtu huyu akiambiwa siri za wengine, huwa ninazisikia kwake? Mtu akianguka, yeye hucheka? Nikimhitaji Alhamisi saa mbili usiku, atapatikana?

Rafiki ndiye wengi huanza naye, na sioni ubaya. Rafiki anasikia bila mahubiri. Ila rafiki wa miaka 15 hawezi kubeba mzigo wa mwenzake peke yake. Nimeona wasichana wawili wakizama pamoja kwa sababu mmoja alimwapisha mwenzake asiseme. Kama wewe ndiwe uliyeambiwa, mjibu mapema: "Siri zako nyingine zote nitatunza. Ile ya kutaka kufa siwezi kukaa nayo peke yangu. Twende pamoja tumwambie mtu." Anaweza kukukasirikia wiki nzima. Kubali hasira hiyo.

Dani, shangazi, binamu mkubwa aliyemaliza shule: hawa mara nyingi ni bora kuliko baba na mama kwa neno la kwanza, kwa sababu hawakai wakijilaumu kwamba wamekulea vibaya. Shangazi pia anajua namna ya kulifikisha neno kwa mama bila nyumba kuwaka. Ujiandae tu kwamba mtu mzima wa kwetu anaweza kulitafsiri kwa lugha anayoijua, aseme labda ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa. Usibishane naye. Mwambie, "Sawa, na hospitali pia twende." Mengi yanaweza kufanyika kwa pamoja.

Mwalimu wa ushauri nasaha yupo karibu kila shule ya upili, na mara nyingine ndiye huyohuyo anayeshughulikia nidhamu. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini wewe ndiye unayejua shule yenu ikoje. Kama huyo unamwogopa, chagua mwalimu mwingine yeyote unayemwamini, au matroni, au muuguzi wa shule, au hata mpishi. Mwanafunzi mmoja wetu aliokolewa na mpishi aliyegundua kwamba sahani yake inarudi imejaa.

Kuhusu kanisa na msikiti nitasema nilivyoona. Wapo wachungaji, mapadri, makatekista na mashehe wanaosikiliza vizuri kunishinda, na sala imewashikilia vijana wengi mpaka asubuhi. Mwende. Lakini yeyote anayekuambia uache dawa uliyoandikiwa hospitalini, au ufunge siku nyingi bila kula wakati mwili tayari umedhoofika, au mkutane wawili tu usiku kwa maombi maalumu, huyo mwache na umwambie mtu mzima mwingine. Kiongozi mwema hakuzuii kwenda hospitali. Wengine hata hukusindikiza.

Kuna pia mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na begi. Serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 nchini Septemba 2023. Anajua njia ya kituo cha afya na anaweza kwenda nawe. Ila ni jirani yenu, kwa hiyo mwulize kwanza waziwazi kama ataiweka siri.

Na kuna simu yako. Najua saa saba usiku ndipo unapoandika huko, kwa sababu wengine wote wamelala. Video fupi zitakupa jina la ugonjwa katika dakika moja, na mara nyingi litakuwa jina lisilo lako. Programu ya kuzungumza na kompyuta inaweza kukusaidia kupanga maneno utakayomwambia shangazi. Itumie kwa hilo kama huna budi, kisha uyafikishe kwa shangazi, maana yeye ndiye anayeweza kuja kukaa kitandani kwako. Mtu usiyemjua anayekupa pole leo na kesho anaomba picha, mfungie. Anayeuza dawa za kutuliza mawazo kwa ujumbe wa simu, usimtumie hata shilingi.

Hatua ya tatu: kusema

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, basi nitakaa hapa kidogo.

Usichague wakati wa ana kwa ana kama mahojiano. Chagua kazi inayowaweka bega kwa bega. Wasichana wengi wameniambia walisema wakati wa kuchambua osuga, ile mboga ya mnavu, jioni, mama na mtoto wameketi kwenye vigoda, beseni katikati, kila mmoja anatazama majani. Mikono ina kazi, macho hayalazimiki kukutana, na ukinyamaza hakuna anayeona kwamba umenyamaza. Wavulana wamesema wakisukuma mkokoteni wa maji, wakipanga nyavu kule Dunga, wakirudi kwa miguu kutoka Kibuye siku ya soko. Usiseme wakati mama amefika tu kutoka kazini, na usiseme katikati ya ugomvi.

Maneno yawe machache. Chukua mojawapo ya haya ukalifanye lako:

"Mama, nina kitu kinanisumbua kwa wiki tatu sasa. Sitaki ushauri leo, nataka unisikilize tu mpaka nimalize."

"Shangazi, silali na sisikii njaa. Naogopa ni kitu zaidi ya uchovu. Naomba unipeleke hospitali."

"Mwalimu, yule rafiki ni mimi."

Kama sauti haitoki, andika kwenye karatasi umpe, au tuma ujumbe wa simu ukiwa chumba cha pili. Hakuna aibu katika hilo. Mmoja aliniwekea karatasi ndani ya daftari la insha, baina ya ukurasa wa 11 na wa 12, akijua nitaifikia nikisahihisha. Nilikuwa jikoni kwangu saa tatu usiku nilipoifikia, na asubuhi yake nilikuwa langoni kabla ya basi la shule.

Sasa kuhusu majibu mabaya. Utasikia mojawapo: wewe mtoto una mawazo gani, unalipa kodi? Sisi tulipita makubwa zaidi. Ni simu hiyo. Wanaume hawalii. Au utapewa aya ya Biblia na mlango ufungwe. Yanauma, nami niliyewahi kuyatoa nakuomba msamaha kwa niaba yetu. Anayejibu hivyo mara nyingi ameogopa, au hajawahi kuambiwa kitu kama hicho, au amechoka kwa siku yake. Jibu lake linakueleza juu yake, haliamui kama wewe unaumwa. Jaribu mara moja tu zaidi: "Najua umeshtuka. Lakini ni kweli, na nahitaji msaada." Akikataa, usimwage machozi yako yote hapo. Nenda kwa jina la pili. Weka siku, mathalani kabla ya Jumapili, ili jina la pili lisipotee ndani ya aibu ya la kwanza.

Hatua ya nne: simu isiyotaka salio

Laini hizi ni za watu wanaohitaji kusema na mtu asiyewajua, au ambao majina yao matatu yamewaangusha. Hazikati salio na unaweza kuzipiga kwa kabambe ya dani, ile simu ndogo ya vibonyezo.

116 ni ya Childline Kenya, kwa watoto na vijana, kwa jambo lolote kuanzia huzuni mpaka kupigwa nyumbani. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, kwa msaada wa kisaikolojia. 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kama pombe, bangi au dawa nyingine zimeingia, ziwe zako au za mzazi. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia.

Tafuta mahali ambapo hutasikika, hata kama ni chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Anza hivi: "Nina miaka 16, niko Kisumu, na sijui nianzie wapi." Atakuuliza kama uko salama sasa hivi. Mjibu ukweli. Ukweli mwingine unaopaswa kuujua mapema ni kwamba mtoto akiwa katika hatari kubwa, watu hawa huhusisha wengine wanaoweza kumlinda, kama afisa wa watoto wa kaunti. Kama simu si yako, futa nambari kwenye orodha ukimaliza. Laini ikiwa na watu wengi, kata, subiri kidogo, piga tena.

Hatua ya tano: hospitali

Si lazima uanzie hospitali kubwa. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kina muuguzi au tabibu anayeweza kukusikiliza, kuanza kukusaidia na kukuandikia barua ya rufaa. Ukiona ni zito, Kisumu kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti katikati ya mji. Aliye Nakuru ana hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wazee wanayoiita PGH. Kakamega ina ya kwake, na Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ukifika ulizia kliniki ya afya ya akili au huduma za vijana. Ukiona haya kutamka mbele ya foleni, andika kwenye karatasi umpe aliye dirishani.

Beba ukurasa wako wa nyuma wa daftari, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na nambari ya kitambulisho ya mzazi aliyejisajili SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Beba na hela kidogo ya kadi na chai. Fika asubuhi mapema. Ukiwa chini ya miaka 18, hospitali kwa kawaida itataka mzazi au mlezi kwa ajili ya idhini ya matibabu, lakini una haki ya kuomba: "Naomba kuzungumza na wewe peke yangu kwanza." Anayejua kazi yake hatashangaa.

Huenda ukapewa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, umekosa hamu ya kufanya mambo? Usingizi? Uchovu? Umejiona huna thamani? Kwa kila swali unachagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Kila jibu lina alama, 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Nimeona wanafunzi hodari wakiijaza kama mtihani, wakitafuta jibu litakalompendeza daktari. Hapa hakuna kupita wala kuanguka. Swali la tisa linauliza kuhusu kutamani kufa. Kuulizwa hivyo hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi wameniambia walivuta pumzi, kwa sababu hatimaye mtu mwingine alikuwa amelitaja yeye.

Baada ya hapo, kwa wengi tiba huanza na mazungumzo ya mara kwa mara na mshauri. Wengine huandikiwa dawa. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panado, huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na siku za mwanzo zinaweza kukuletea kichefuchefu au kukuharibia usingizi. Ukijisikia vibaya zaidi, hasa mawazo ya kujidhuru yakizidi, rudi hospitali upesi bila kungoja tarehe. Usiache ghafla kwa sababu umepata nafuu, na usimgawie mwenzako hata kidonge kimoja.

Je, utaitwa janeko, yaani mwendawazimu? Labda kuna mtu atakayesema. Neno hilo limewazuia watu wengi langoni mwa hospitali, na linaniumiza kila ninapolisikia likitamkwa na watoto kama mzaha. Kwenda kliniki ya akili hakuandikwi usoni. Watu wanaosubiri kwenye benchi lile ni walimu, wahudumu wa boda, mama wa soko la Kibuye, wanafunzi.

Shida ikiwa ndani ya nyumba

Wakati mwingine moyo umelemewa kwa sababu kuna mtu anakuumiza, na mtu huyo ndiye anayelipa karo. Hapo mpangilio unabadilika, na jina la kwanza liwe la mtu asiyemtegemea huyo kwa chakula. Kama umedhulumiwa kingono, fika hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa sababu dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya muda huo. Usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa kama unaweza kuvumilia. Umechelewa? Nenda hata hivyo, bado kuna mengi ya kukusaidia. Si kosa lako, na halikuwa kosa lako hata kama ulikwenda mwenyewe kwake, hata kama alikupa pesa.

Mzazi, ukilisoma hili

Mtoto wako akikuambia, mambo matatu ya kusema: "Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Tutafanya pamoja." Kisha nyamaza. Usimpe mifano ya shida zako. Usilipeleke kwenye kikundi cha maombi kabla ya kumwomba ruhusa. Na leo hii, dawa za shamba, za mifugo na za hospitali zote ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae nawe. Ukitaka kumwuliza kama anawaza kufa, mwulize kwa maneno hayo hayo, kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya sita: kurudi darasani

Siku ya kurudi shule ndiyo vijana wengi hunieleza waliiogopa kuliko hospitali. Si lazima uwaambie wenzako lolote. Amua sentensi moja mapema: "Nilikuwa mgonjwa, naendelea vizuri." Irudie hivyo hivyo kwa kila anayeuliza. Mwalimu mmoja ajue ukweli, ili ukitoka darasani katikati ya somo usishikwe kama mtoro. Kama ni shule ya bweni, barua ya hospitali na dawa zikabidhiwe muuguzi au matroni siku ya kufungua, na mkubaliane utazifuata saa ngapi bila kuitwa jina mbele ya wenzako kwenye mlo wa jioni.

Tarehe ya kliniki inayofuata iandike ndani ya jalada la daftari unalolitumia kila siku, pamoja na majina yako matatu na nambari 116 na 1199. Ikiangukia siku ya mtihani, usiiache ipite kimya. Mwombe mwalimu huyo mmoja apige simu wakubadilishie siku, na kabla hujaondoka ofisini kwake hakikisha tarehe mpya imeandikwa.